Sense8: Kura za Van Damn Hazikuhesabiwa

Wenye haraka, hukumu hii hapa: tamthilia ya Sense8 ya Netflix naipa nyota nne kati ya tano. Vipindi vyote ni 24, na mwezi mmoja wa malipo unatosha kuvimaliza hata ukiwa na kazi na watoto. Ina fujo, ina hotuba za mapenzi ndefu kupita haja, halafu ilikatwa katikati. Bado nawaambia watu waitazame, hasa wa Nairobi, na zaidi wale ambao kama mimi wanakula kwa jasho la matatu.

Kazi yangu ni kushona viti. Gari likitoka kwa fundi wa bodi likiwa mifupa mitupu, sisi ndio tunaotia sponji, tunavalisha ngozi ya plastiki, tunapitisha uzi wa rangi aliyoitaka mwenye gari, na mfuko wake ukiruhusu tunadarizi jina la gari kwenye kichwa cha kila kiti. Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja karakana akasema, "Shangazi, kuna series ya Wazungu, na mmoja wa mastaa ni dere wa mathree hapa Nairobi," nilimwambia alete nione wameharibu wapi. Akaleta kwenye flashi. Msimu wa kwanza ulitoka Juni 2015, na Netflix yenyewe ilifika Kenya Januari 2016, kwa hiyo katikati hapo kila mtu alikuwa na kijana wake wa duka la muvi. Siku hizi nalipia kama raia mwema, msinipigie polisi.

Hadithi ni hii. Watu wanane, kila mmoja na mji wake, walizaliwa wakati mmoja tarehe 8 Agosti. Wakiwa watu wazima tayari, wote wanamwona mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wao anayemjua, akijiua ndani ya kanisa bovu kule Chicago, ilhali wao wametapakaa dunia nzima. Anaitwa Angelica, na ndiye aliyewaunganisha. Kuanzia hapo wanatembeleana bila kutoka walipo. Mmoja akipigwa, mwenzake anashika shavu. Mmoja akijua kupigana, wote wanajua. Nyuma yao kuna shirika la BPO linalowawinda, na mzee wanayemwita Whispers ambaye ukikutana naye macho kwa macho mara moja tu, ameshaingia kichwani mwako.

Kuna Will, polisi wa Chicago. Kuna Riley, DJ kutoka Iceland anayeishi London, na Wolfgang, mvunja sefu wa Berlin. Kala ni mfamasia wa Mumbai anayekaribia kuolewa na mwanamume mwema ambaye yeye mwenyewe hampendi. Lito ni nyota wa sinema Mexico City anayemficha mpenzi wake wa kiume ili asipoteze kazi. Nomi wa San Francisco ni fundi wa kompyuta na ni mwanamke aliyebadili jinsia, kama alivyo Jamie Clayton anayemwigiza. Sun ni binti wa tajiri wa Seoul ambaye mchana ni mtu wa ofisi na usiku anapigana ulingoni. Wa nane ndiye wetu, Capheus Onyango.

Vipindi vitatu vya mwanzo vinachosha, niseme ukweli. Unaruka kutoka mji hadi mji na hakuna anayekueleza kitu. Nilikuwa nashona huku simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa gundi, na mara mbili nilirudisha nyuma nikidhani nimepitwa. Sikuwa nimepitwa, ndivyo walivyoitunga. Waliotunga ni Lana na Lilly Wachowski pamoja na J. Michael Straczynski, na hawana haraka na mtazamaji.

Halafu inafika ile vita ya Capheus. Majambazi wa genge la Superpower wamemnyang'anya dawa za mama yake, naye anawafuata. Huyu ni kijana mpole, hajui kurusha ngumi, ushujaa wake wote ni wa filamu za Jean-Claude Van Damme. Wakati huo huo Sun yuko ulingoni Seoul mbele ya mwanamume aliyemzidi kimo na kilo. Capheus anazidiwa, wanakaribia kummaliza, mara anayesimama vumbini si yeye tena, ni Sun. Ngumi inaanza Nairobi inamalizikia Seoul. Teke linatoka kwake, anayeanguka ni jambazi wa kwetu. Nilisimamisha cherehani. Makanga wawili waliokuwa wakingoja kiti cha dereva wakaja nyuma ya mabega yangu, na hatukuongea mpaka ikaisha. Mmoja akasema, "Rudisha, mama, rudisha pale." Kiti chao kilichelewa siku hiyo, na hawakulalamika.

Kutoka hapo nilikuwa nimenaswa, na naweza kuonyesha pahali hasa. Kipindi cha nne, Riley amevaa vipokea sauti London usiku anasikiliza wimbo, Wolfgang yuko kwenye karaoke Berlin, na wimbo ule mmoja unawapitia wote wanane kila mmoja alipo. Hakuna risasi, hakuna anayefukuzwa, wanaimba tu, wengine vibaya. Ukitazama dakika zile na usiguswe, rudisha flashi ya watu, hii tamthilia si yako.

Wana uchekeshaji pia, jambo ambalo wanaoisifu hulisahau. Kuna pahali Sun yuko hedhini Seoul na maumivu yanamshika Lito Mexico, jitu zima la misuli, anashika tumbo, hasira na machozi vinamjia bila yeye kujua kisa. Nilimwita mume wangu aje aone. Alisema ana kazi nje.

Sasa Nairobi, maana hapo ndipo nilipokuja kukagua.

Gari la Capheus linaitwa Van Damn, limechorwa sura ya Van Damme mwenyewe, na mshindani wake barabarani anaitwa Bat Van. Makanga ni rafiki yake Jela. Hayo majina hayakunishtua hata kidogo, nimeshonea magari yenye majina makali kuliko hayo. Kilichonifurahisha ni rangi. Sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi aliyetaka kuzinyoosha matatu, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zote zilipigwa mstari wa manjano, na wachoraji wengi niliowajua wakageuka wapaka rangi wa mageti. Ni Novemba 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta aliposema vijana waachwe wapambe magari, na msimu wa kwanza wa Sense8 ulipigwa picha kati ya 2014 na mwanzo wa 2015. Kwa hiyo Van Damn lilipakwa rangi katika kipindi kile kile ambacho sisi nasi tulikuwa tunaanza kupumua. Viti vyake sina la kusema, kamera haivijali.

Sehemu za Nairobi za msimu wa kwanza ziliongozwa na Mjerumani Tom Tykwer, na inaonekana mtu huyu alikuwa ameshakanyaga matope yetu kabla. Nairobi Half Life ya 2012 ilitokana na warsha alizokuwa akiendesha hapa na vijana wa filamu. Mitaa haikusafishwa kwa ajili ya kamera, wala haikuchafuliwa zaidi ili Mzungu alie. Kuna mahali Capheus anaeleza kwa nini nyumba ya mabati inaweza kukosa kitanda lakini isikose runinga kubwa: kitanda kinakuacha pale pale mtaani, runinga inakutoa. Nimeingia nyumba za namna hiyo nikipeleka kochi nililolikarabati. Sikuwahi kumsikia mtu wa filamu akilisema jambo hilo bila kudharau.

Waigizaji wa Kenya wamefanya kazi. Paul Ogola akiwa Jela ni makanga wa kweli, mdomo mbele, moyo nyuma yake tu. Peter King Mwania anamwigiza Silas Kabaka, jambazi mkubwa mwenye binti mgonjwa wa leukemia, na kila akiingia kwenye picha hata mtazamaji anaketi vizuri. Chichi Seii ni Shiro, mama wa Capheus, na Mumbi Maina anaingia msimu wa pili akiwa Zakia, mwandishi wa habari. Hawa wote wangeweza kubeba tamthilia yao wenyewe.

Lakini Capheus hakupewa Mkenya. Msimu wa kwanza ni Aml Ameen, Mwingereza, na kuanzia kile kipindi kirefu cha Krismasi cha Desemba 2016 ni Toby Onwumere, Mmarekani mzaliwa wa Nigeria. Dereva yule yule, mama yule yule, sura nyingine. Ameen alikuwa na utoto fulani usoni ambao niliuzoea. Onwumere anaonekana mtu mzima zaidi, mtulivu zaidi, na hadithi ilipompeleka kwenye siasa nikaona anaufaa ule upande. Ningependa tu siku moja mtu wa kuigiza dereva wa Nairobi atafutwe Nairobi, hawajaisha.

Na lugha. Karibu kila kitu ni Kiingereza, hata Capheus na Jela wakiwa wawili ndani ya gari, Kiingereza kilichonyooka kama cha mahubiri ya Jumapili. Najua tunaombwa tuamini kwamba kila mtu anaongea lugha yake na sisi ndio tunaosikia Kiingereza. Seoul na Berlin ni hivyo hivyo. Lakini matatu bila Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, ni matatu iliyozimwa injini, na wangeweza kutuachia hata ugomvi wa chenji.

Kosa kubwa zaidi ni la dawa. Shiro ana UKIMWI, na Capheus anahangaika kununua dawa kwa pesa nyingi uchochoroni, nyingine zikiwa bandia. ARV zimekuwa zikitolewa bure katika hospitali za umma nchini tangu 2006. Dawa bandia zilikuwepo kweli, mwaka 2011 zilinaswa humu nchini na kukawa na taharuki, kwa hiyo sitasema wameokota hewani. Ila mtazamaji wa Ulaya ataondoka akidhani mgonjwa wa Nairobi hana pa kwenda ila kwa jambazi. Neno moja tu lingetosha, kwamba kituo kimeishiwa, ambalo nalo hutokea. Hawakulisema. Robo ya nyota niliyoikata imeishia hapo.

Gharama yake unaiona kwenye picha, na ndiyo iliyokuja kuiponza. Kila Sun anapotokea Nairobi, mwigizaji Bae Doona alikuwa Nairobi. Waigizaji walisafirishwa mji hadi mji ili kila mmoja aweze kusimama kwa mwenzake. Mazungumzo ya Capheus na Sun, yeye akiwa gerezani Seoul kwa kosa alilombebea mdogo wake, yamepigwa nusu huku na nusu kule, halafu yakashonwa pamoja. Nimeitafuta ile mishono kwa jicho la kazi yangu na mara nyingi sikuiona. Mtu anaanza sentensi kwenye jua la mabati na kuimaliza kwenye baridi ya seli, mwanga unabadilika usoni, sauti haikatiki. Magazeti ya burudani yaliripoti kwamba msimu wa pili ulifika dola milioni 9 kwa kipindi kimoja, yaani zaidi ya shilingi milioni 900 za wakati huo. Kwa kipindi kimoja!

Msimu wa pili ulitoka tarehe 5 Mei 2017, na Mkenya yeyote anakumbuka Mei ile ilikuwaje. Kampeni. Magari ya vipaza sauti yalikuwa yanapita nje ya karakana kuanzia asubuhi, kila mgombea na wimbo wake, na mwenye matatu mmoja aliniletea viti nivifunike upya kwa rangi za chama, akaja baadaye nivibadilishe kwa rangi za chama kingine. Ndani, kwenye simu yangu, Capheus naye alikuwa anagombea.

Ilivyoanza ni kwamba Zakia anakuja kumhoji na kumuuliza swali la kuudhi: kwa nini Mwafrika achore Mzungu kwenye gari lake? Anajibu kwamba ushujaa hauna rangi. Wakati ule ule Lito anahojiwa kule Mexico kuhusu siri yake, na majibu ya hawa wawili yanasukana na ya wenzao sita, kila mmoja akiulizwa kwamba yeye ni nani hasa. Hii ndiyo sehemu bora ya msimu wa pili kwangu. Hakuna anayekimbizwa, lakini nilikuwa nimekaza meno.

Halafu watu wanamtaka asimame. Dereva, mtoto wa mabati, dhidi ya wenye pesa. Na angalieni majina: mama ni Shiro, jina la Kikuyu, mwana ni Onyango, jina la Kijaluo. Mgeni hataona kitu. Mkenya akiyasikia majina hayo mawili katika nyumba moja, mwaka wa uchaguzi, anajua mara moja uzito aliobebeshwa yule kijana. Mpwa wangu alisema, "Shangazi, huyu hapiti. Kila upande utamwona wa upande ule mwingine." Mimi nikasema atapita, kwa sababu ana watu saba wasioonekana nyuma yake, mmoja mwizi wa sefu, mmoja fundi wa kompyuta, mmoja mwigizaji anayejua kudanganya akikutazama usoni. Kwa siasa zetu hiyo ni timu kamili. Tukawekeana dau la chapati na madondo.

Msimu ukaisha bila jibu. Wolfgang ametekwa na BPO, wenzake wamefunga safari kwa miili yao halisi hadi London, Capheus akiwemo, na wamemteka Whispers mwenyewe. Uchaguzi umeachwa Nairobi ukining'inia. Tukasema haidhuru, kuna msimu wa tatu.

Tarehe 1 Juni 2017, hata mwezi haujaisha, Netflix ikatangaza imeifunga. Taarifa yao iliisifu: vipindi 23, miji 16, nchi 13. Wiki moja nyuma walikuwa wameifunga The Get Down, nayo ya gharama kubwa. Hesabu yao hawakuificha, kwamba kitu ghali kinahitaji watazamaji wengi sana, na hii ilikuwa na watazamaji wakali lakini si wengi wa kutosha. Kama mtu wa biashara naielewa. Mteja akitaka ngozi halisi kwenye nissan ya miaka ishirini nitamshonea, lakini moyoni najua lile gari halitazirudisha pesa zake. Kinachoniudhi ni wakati. Hadithi iliandikwa na mtu aliyeamini ana misimu mbele yake, ikakatwa na mtu aliyekuwa anatazama jedwali, na hakuna aliyemwambia wa kwanza afunge mafundo kabla taa hazijazimwa. Tangu hapo siianzi tamthilia ya mtandaoni mpaka niulize kama imekwisha na imekwishaje. Telenovela za Kimeksiko tulizokulia nazo zilikuwa na upuuzi wake wote, vipofu wakaona na mapacha wakabadilishana waume, lakini siku ya mwisho ulifika na harusi uliiona.

Mashabiki walipiga kelele. Sahihi zilikusanywa kwa mamia ya maelfu, Brazil wakawa mbele kabisa, na tarehe 29 Juni Lana Wachowski akaandika barua kwamba kimepatikana kipindi kimoja kirefu cha kufunga. Kabla ya hicho kufika, ikafika tarehe 8 Agosti 2017. Siku ya kuzaliwa ya wale wanane, na sisi tulikuwa kwenye foleni ya kupiga kura. Sidhani kuna aliyepanga hivyo. Nilimwonyesha mpwa wangu tarehe kwenye simu tukiwa foleni, akacheka mpaka askari akatutazama. Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, na tarehe 26 Oktoba wengine tukarudi foleni, wengine wakasusia. Sisi tulipiga mara mbili. Capheus hata mara moja hakuhesabiwa.

Kipindi cha kufunga kilitoka tarehe 8 Juni 2018, urefu wake saa mbili na nusu. Jina lake ni la Kilatini, Amor Vincit Omnia, na wanakimbia kama watu waliosikia basi la mwisho linaondoka. Paris, Naples, bunduki, kumkomboa Wolfgang, mafumbo ya misimu miwili yakijibiwa kwa sentensi moja moja. Kuna watu wapya wanaingia dakika hii na kupigwa risasi ile. Halafu vita vinaisha, na wanaenda harusini kwenye mnara wa Eiffel, Nomi na mpenzi wake Amanita, na kila mtu ambaye tamthilia ilimpenda anaalikwa. Kala hakuchagua kati ya mume na mpenzi. Tamthilia ikawachukua wote wawili, jambo ambalo katika ukoo wetu lingeitishiwa kikao cha wazee wa pande tatu.

Ni kipindi kizuri? Kama hadithi, hapana, kimejaa mno na kimeshonwa kwa haraka. Kama karamu ya kuwaaga watu uliowazoea, ndiyo, na nilikitazama hadi majina ya mwisho. Ila kuhusu uchaguzi wa Nairobi, hakuna kitu. Mambo ya Seoul yalipata fundo, ya Mumbai yalipata, ya San Francisco yalipata harusi. Ya kwetu yaliachwa nje mlangoni. Robo tatu iliyobaki ya nyota niliyokata ni ya hapo. Dau la chapati lilibaki bila mshindi, na mpwa wangu anadai hadi leo kwamba kimya ni kushindwa.

Kwa anayetaka kuanza: vumilia vipindi vitatu, cha nne kitakuambia kama ubaki. Itazame kwa mfuatano, na usikiruke kile cha Krismasi kwa kudhani ni mapambo, humo ndimo Capheus anapobadilika sura, usije ukadhani ni ndugu yake. Ukifika mwisho wa msimu wa pili pumzika siku kadhaa kabla ya kipindi cha kufunga. Ukiunganisha moja kwa moja, mwendo wake utakuumiza kichwa.

Na hili lizingatie kabla ya kubonyeza. Watu wazima pekee. Uchi umo, mapenzi ya kila aina yamo, na hayajifichi nyuma ya pazia. Mwishoni mwa msimu wa kwanza kuna kipindi ambamo baba yake Riley anapiga piano kwenye ukumbi mkubwa Reykjavik, Beethoven, na huku muziki ukiendelea tunaonyeshwa jinsi wote wanane walivyozaliwa. Kuzaliwa kwenyewe, si kabla yake wala baada yake, karibu kabisa, na damu. Mimi nimezaa na nililia kwa uzuri wake. Jirani yangu alikiweka sebuleni siku ambayo wakwe walikuwa wamekuja kula, kwa sababu nilimwambia ina muziki mzuri. Rimoti ilikuwa chini ya mto wa kochi. Ameacha kuniomba ushauri wa nini cha kutazama.